Sura ya Tisa: Tyubu ya Gerishon

Siku ya kumi na moja tangu Gerishon Karanja afe, Sajini Syombua alirudi Mwiki kwa mara ya nne, na mara hii hakuwa na swali jipya. Asubuhi hiyo mkubwa wake pale Ruiru, Inspekta Nelima, alikuwa amezungumza naye bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Syombua, mtu amepigwa na stima. Stima inaua watu kila siku. Niletee kitu cha kushika mkononi kabla ya Ijumaa, ama niandike ajali."

Hiyo ilikuwa Jumanne.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chini ya gorofa, kikiwa na utepe wa polisi mlangoni. Lynn, msichana wa miaka ishirini na sita, alikuwa akikatia humo medali za shule, vibao vya majina na mapambo ya keki za harusi. Katikati ya chumba ilikaa mashine yake ya leza, kubwa kama friji ya kulaza ya buchari. Nyuma yake, kwenye sanduku refu la bati, ndimo ilimolala tyubu: bomba la kioo lenye urefu wa mita moja na unene wa kifundo cha mkono, ambalo likipewa stima hutoa mwali usioonekana wa kukata mbao. Gerishon alikuwa fundi wa tyubu hizo. Kuanzia Thika hadi Nakuru, mtu tyubu yake ikimsumbua alimpigia yeye. Na ni hapa, akiwa ameingiza mkono wa kushoto nyuma ya mashine, alipokufa kabla hajafika sakafuni.

"Nieleze tena ile Ijumaa, siku moja kabla afe," Syombua alisema.

"Afande, nimeeleza mpaka nimechoka."

"Eleza kama hujawahi."

Lynn alivuta pumzi. "Tyubu yangu ilikuwa imezeeka, haikati. Nikapigia Gerishon. Akasema ako Thika na kazi mingi, atatuma Wanyoike, shemeji yake, aniletee mpya na aifunge. Halafu yeye mwenyewe aje Jumamosi kunyoosha vioo. Basi Wanyoike akakuja saa nane, akaifunga, akaenda."

"Ulikuwa hapa muda wote?"

"Eeh." Kisha akakunja uso. "Hapana. Kuna mahali alinituma. Maji ya betri."

"Ya nini?"

"Ya kupooza tyubu. Lazima yawe hayo safi, ya mfereji yanaleta shida. Akanituma petroli stesheni."

Syombua aliinama chini ya meza. Palikuwa na madumu mawili. Moja limebaki nusu, jingine kifuniko chake bado kimefungwa kwa plastiki ya kiwandani.

"Lile la nusu lilikuwepo kabla?"

"Lilikuwepo, tena limejaa. Hata nilimwambia. Akasema halitatosha."

"Na hili?"

Lynn alilitazama kwa muda. "Hilo ndilo nililoleta," alisema polepole. "Halijafunguliwa."

Kwa wiki nzima Syombua alikuwa amefuata waya wa athi, ule wa kupeleka stima ardhini ikipotea njia. Aliukuta umekatwa ukutani. Akamkamata mtunzaji wa gorofa, mzee aliyekiri huku akilia kwamba aliukata yeye mwaka jana, kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa inazimika kila mara. Lakini Lynn alikuwa amefanya kazi mwaka mzima bila athi na hakuwahi kurushwa hata kidole. Mzee akaachiliwa, na Syombua akabaki mikono mitupu. Alichobaki nacho ni ujumbe mmoja kwenye simu ya marehemu, ambao marehemu alimwandikia Wanyoike siku nne kabla ya kufa: *Lebo ulizobandika kwa tyubu kuukuu nimeziona. Mwisho wa mwezi tafuta kwako.* Wanyoike alikuwa akiuza tyubu kuukuu kama mpya, na Gerishon akamfukuza kazi. Ugomvi, ndiyo. Lakini ugomvi si mauaji.

Alizunguka nyuma ya mashine akafungua mlango wa bati. Ndipo alipowaona sisimizi.

Walipanda kwa mstari mwembamba kwenye mguu wa mashine, wakaingia sandukuni, wakatembea kando ya kioo mpaka mwisho wake, pale waya mwekundu unapoungana na tyubu. Mafundi hupaita upande wa moto. Stima inayofika hapo ina nguvu ya kuruka hewani, ndiyo maana hupafunika kwa silikoni nyeupe nzito, kisha kofia ya mpira juu yake.

"Lynn, una chakula humu?"

"Siwezi. Moshi wa mbao unaingia kwa kila kitu."

Syombua aliwasha tochi. Kofia ya mpira ilikuwa imeteleza kidogo, na chini yake kitu cheupe kilionekana kama silikoni ya siku zote. Lakini silikoni ni sawa na mpira. Sisimizi hawali mpira. Alivaa glavu, akachokoa kwa kijiti chembe iliyokuwa imedondoka kwenye bati. Ilisagika kati ya vidole. Aliinusa, na harufu ikamrudisha shule ya msingi kule Kithimani, walipokuwa wakibandika picha za magazeti kwenye madaftari.

Gundi ya unga. Unga wa ngano uliokorogwa kwa maji ya moto, na pengine chumvi juu yake. Sasa ulikuwa umekauka na kuwa mgumu kama ganda la yai. Lakini Jumamosi ile, chini ya mpira, ulikuwa bado majimaji, na kitu chenye majimaji hakizuii stima, huipokea na kuipitisha. Gerishon aliona weupe, akadhani ni silikoni ya nyumbani kwake, akaweka mkono.

Alisogeza tochi, akazuia pumzi. Pale kofia ilipokuwa imeteleza, gundi ilikuwa na kibonyeo, na ndani ya kibonyeo kulikuwa na mistari midogo iliyopinda. Mtu alikuwa ameikandamiza kwa dole gumba ikakauka vilevile. Alipiga picha kumi na mbili kwa simu, na zote kumi na mbili zilionyesha bonge jeupe linalong'aa na si kitu kingine.

Alimpigia Nelima pale pale.

"Unga?" Nelima aliuliza.

"Na alama ya kidole, madam."

"Cha nani?"

"Maabara ndiyo itasema."

"Basi ifike maabara ikiwa nzima. Hiyo ni kioo, Syombua. Usiniletee vigae."

*

Karakana ya Gerishon ilikuwa nyuma ya ghala moja katika Eneo la Viwanda la Thika, mahali ambapo malori hupakia tangu alfajiri na hewa ina harufu ya nanasi zilizochemshwa. Wanyoike ndiye aliyemfungulia. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minane, shati limepigwa pasi. Kwenye mazishi ya shemeji yake alikuwa mwenyekiti wa kamati, na jeneza alilibeba mbele upande wa kulia. Syombua alimwona kwa macho yake.

"Karibu, madam. Bado mnazunguka na hii maneno?"

"Ijumaa ile uliziba upande wa moto na nini?"

"Silikoni. Kwani kuna kingine?"

"Ulimtuma Lynn maji ambayo hukuyatumia."

"Fundi mzuri hangoji maji yapungue. Ni makosa?"

"Gerishon alikuwa amekufukuza."

Wanyoike hakupepesa jicho. "Hizo ni maneno za nyumba. Tulikaa chini na mzee wa kanisa, tukaongea, zikaisha. Muulize dadangu." Alichukua funguo za gari mezani. "Madam, mimi ndiye nilivalisha huyo mtu suti ya mwisho. Ukikosa mtu wa kushika, usishike mfiwa. Nina mzigo wa kupeleka Ruiru."

Gari lilipoondoka, Syombua aliingia ndani zaidi. Magdalene, mjane wa Gerishon na dada yake Wanyoike, alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya katoni ndefu, kitambaa cheusi kichwani. Watu walimwita Mama Ciku, kwa jina la binti yake wa pekee. Mumewe alitengeneza na yeye akafunga. Kwa miaka minane hakuna tyubu iliyotoka karakana ile bila kupitia mikononi mwake.

"Hii inaenda Kitale," alisema bila kuulizwa, kama mtu aliyefurahi kuwa na jambo la kusema. "Wateja hawajui kama tumefiwa."

Syombua alichutama karibu naye. "Inafikaje Kitale bila kuvunjika?"

"Unaona hizi?" Magdalene alimwonyesha pete mbili nene za sponji. "Moja hapa, moja hapa. Si mwisho, si katikati. Robo ya urefu kutoka kila upande. Hapo kioo kinajibeba chenyewe. Lakini miisho lazima ining'inie kwa hewa. Huko kuna vioo vidogo na ncha za kuingizia maji, na kitu kikigusa huko hata kidogo, mtikisiko wote unaenda huko. Halafu hii katoni inaingia kwa katoni ingine, na sponji katikati. Tulituma moja Lodwar, lori ikalala kwa mtaro. Tyubu ikafika nzima." Alikaribia kutabasamu. "Baba Ciku alikuwa anasema mkono wangu una baraka."

"Hujawahi kuvunja?"

"Hata moja."

Hapo ndipo Syombua alipokosea, na baadaye alijaribu kukumbuka ni kwa nini. Labda ni uchovu. Labda ni kwa kuwa siku kumi na moja alikuwa akizungumza na watu waliomficha kitu, na mbele yake sasa kulikuwa na mwanamke aliyepoteza kuliko wote.

"Mama Ciku, nataka uje Mwiki unifungie ile tyubu. Naipeleka maabara Nairobi."

"Ile?" Magdalene aliinuka kidogo. "Ya nini? Si walisema ni athi?"

"Si athi."

"Mbona usiambie Wanyoike? Yeye ndiye hufungua."

"Sitaki Wanyoike aiguse."

Mikono ya Magdalene ilisimama juu ya katoni. "Kuna nini kwa hiyo tyubu, afande? Ni bwanangu. Niambie."

Na Syombua akamwambia. "Haikuzibwa na silikoni. Ni gundi ya unga. Na kwenye hiyo gundi kuna alama ya kidole."

Lori lilipiga honi nje. Magdalene alitazama dirishani, kisha mikono yake, kisha akaanza kukunjua selotepu iliyokuwa imejikunja yenyewe, polepole, kama anayesubiri mtu amalize kuongea.

"Nitakuja kesho asubuhi," alisema. "Leo wacha nitafute sponji."

Nyuma yake sponji zilikuwa zimerundikwa mpaka dirishani. Syombua aliziona. Akadhani ni majonzi. Aliyefiwa huongea maneno yasiyopangika.

*

Jumatano saa tatu Magdalene alifika Mwiki kwa bodaboda, katoni mbili zimekunjwa mgongoni na gunia la vitu mapajani. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alimwamkia Lynn, akakataa chai, akavaa glavu alizopewa.

Alifanya kazi kwa ustadi uliomfanya Syombua aone haya kuwa na wasiwasi. Kwanza alikagua kwamba waya umechomolewa ukutani. Kisha akatoa maji, akiinua upande mmoja wa bomba kwanza na kuacha tone la mwisho lidondoke. Akakata waya mwekundu kwa koleo, mbali na kofia ya mpira ili asiiguse. Kisha akaingiza viganja vyote viwili chini ya tyubu, akainyanyua kama mtu anyanyuavyo mtoto aliyelala. Alisimama nayo hivyo kwa muda. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu kwa Kikuyu ambacho Syombua hakukielewa.

"Uko sawa, Mama Ciku?"

"Ni nyepesi," Magdalene alisema. "Kila mara nasahau vile ni nyepesi."

Akaanza kufunga. Syombua alikuwa amekaa kwenye kiti cha Lynn akijaza fomu ya vielelezo: namba ya tyubu, tarehe, mahali ilipotolewa, jina la aliyetoa, jina la aliyeshuhudia. Kila alipoinua macho aliona mikono ile ikienda na kurudi. Aliona pete za sponji zikivishwa. Aliona Magdalene akitoa guniani pakiti tupu za unga wa ngano, zile za karatasi za kilo mbili, akizifinyanga na kuzijaza kwenye nafasi zilizobaki. Mama mbana matumizi, aliwaza. Hatupi hata pakiti.

"Imeisha," Magdalene alisema. "Weka muhuri yako."

Syombua alizungusha utepe wa polisi kwenye katoni, akatia sahihi katika sehemu nne.

Hakumwachia mtu yeyote mzigo ule. Alikaa kiti cha nyuma cha gari la kituo, katoni imelala mapajani pake, mikono yote miwili juu, na kumwambia dereva kwamba yeyote atakayewagonga kwa nyuma atamjibu yeye, Syombua. Walikwenda kwa mwendo wa harusi. Kwenye matuta dereva alisimama kabisa ndipo akapanda. Lami ilikuwa nzuri njia yote. Mara moja tu, karibu na Kahawa Wendani, mwendesha pikipiki alikatiza na dereva akakanyaga breki. Si kwa nguvu, hata chupa ya maji iliyokuwa kando yake haikuanguka. Lakini Syombua alisikia chini ya viganja vyake sauti ndogo, kama mtu aliyebana njugu kwa meno.

Alijiambia ni katoni.

Mtaalamu wa maabara aliitwa Mwanzia, mtu mnyamavu wa miwani. Alikata muhuri mbele yake, akafungua katoni ya nje, kisha ya ndani. Halafu akabaki ameinama.

"Nani alikufungia?"

Syombua alisogea. Tyubu ilikuwa imekatika robo yake ya mwisho. Upande wa moto ulikuwa vipande vidogo kuliko ukucha, kofia ya mpira imelala kando, na gundi, ganda lile gumu lenye mistari midogo iliyopinda, lilikuwa limesagika vumbi. Vumbi lile lilikuwa limechanganyika na vumbi jingine jeupe lililotoka kwenye pakiti, likatapakaa kila mahali: juu ya kioo, kwenye sponji, kwenye mikunjo ya katoni.

Mwanzia alichukua pakiti moja kwa kibano, akaipindua. Unga uliobaki ndani ukamwagika.

"Sajini, umeandika hapa nitafute kama kuna unga."

"Ndiyo."

"Umeniletea kielelezo ndani ya unga." Hakusema kwa ukali, na ingekuwa afadhali angesema kwa ukali. "Nikisema nimepata unga kwenye tyubu, wakili ataniuliza ulitoka wapi. Nitamjibu nini?"

"Na kidole?"

Mwanzia alitikisa kichwa. "Kidole kiko hapa ndani, ukiweza kukikusanya."

Syombua alikaa kwenye ngazi za jengo lile, akaiweka safari yote mbele ya macho yake na kuirudia hatua kwa hatua. Tyubu ilifika Lodwar katika lori lililolala mtaroni. Yake imevunjika mapajani mwa mtu, kwenye lami, kwa breki isiyomwaga maji. Katoni ilikuwa haijagongwa pembe. Pete za sponji alikuwa ameziona zikivishwa, lakini wapi? Alirudi ndani akamwomba Mwanzia asitupe kitu. Pete moja ilikuwa katikati. Nyingine ilikuwa imesukumwa mpaka mwisho kabisa, upande wa moto, juu ya kofia ya mpira, na nyuma yake, kati ya sponji na ukuta wa katoni, palikuwa na kipande cha mbao kilichokazwa. Kila mtikisiko wa barabara uliingia kwenye mbao na kutokea kwenye kioo.

Mtu aliyesema miisho lazima ining'inie hewani ndiye aliyeitia kabari.

Na alifanya hivyo mbele yake, mchana kweupe, naye akijaza fomu.

*

Alhamisi alimkuta Magdalene peke yake karakanani, akibandika lebo za anwani juu ya katoni. Kando yake palikuwa na bakuli la plastiki la bluu lenye gundi nyeupe na brashi. Syombua aliliangalia bakuli lile mpaka Magdalene naye akaliangalia.

"Imevunjika," Syombua alisema.

"Pole."

"Uliweka sponji mwisho, ukaweka mbao nyuma yake. Ukajaza pakiti za unga, na hapa kuna sponji ya kufunga tyubu mia. Sikuja kukuuliza kama ni wewe. Nimekuja kuuliza kwa nini."

Magdalene aliweka brashi chini. Hakukana. Alivuta kigoda akaketi, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Lebo huwa nabandika na unga," alisema. "Tangu tuanze. Hiyo Ijumaa Wanyoike alikuja akaniambia, dada, nikorogee gundi kidogo, kuna katoni nataka kubandika Ruiru. Nikamkorogea. Akasema iwe nzito. Nikamwekea kwa kopo ya majarini." Alikitazama kiganja chake. "Nilimpa na mkono wangu, afande."

"Ulijua?"

"Nijue nini? Mpaka uliponiambia wewe, hapa, nilikuwa naamini ni athi. Nilikuwa nimemsamehe yule mzee wa gorofa. Ni wewe uliniletea."

Maneno yale yalimpata Syombua pahali pasipo na ngao.

"Ukaenda nyumbani," alisema.

"Nikaenda Kandara, kwa maitu, mama yetu. Ako na miaka themanini na mmoja. Alizaa watoto sita, amezika wanne. Tumebaki mimi na Wanyoike. Alikuwa anaota jua, akaniuliza, Wanyoike amekula? Kila siku anauliza hivyo. Nilikaa hapo nikasema moyoni, nikimwambia huyu mama mtoto wake mmoja ameua bwana ya mwingine, hatafika jioni. Na nisipomwambia, Baba Ciku analala kwa mchanga na mtu aliyemuua ndiye alimwombea." Alipangusa uso kwa nyuma ya kiganja. "Sikupata njia ya tatu. Nilitafuta."

"Na Ciku? Huyo alikuwa babake."

"Usimtaje Ciku."

Syombua alichutama mbele yake, akashika mikono yake, ambayo bado ilikuwa na gundi.

"Nisikilize, Mama Ciku. Haya uliyoniambia hayana nguvu. Nikiyasema mimi mahakamani ni ya kusikia tu, hayatapokelewa. Lakini wewe ni shahidi. Twende Ruiru sasa hivi, umwambie Inspekta yale uliyoyaona, uandike taarifa: bakuli, kopo, Ijumaa. Ni hayo tu yamebaki. Bila wewe hakuna kesi."

"Najua."

"Atafanya tena. Mtu aliyefanya hivyo mara moja."

"Kwa nani? Aliyemwona akibadilisha lebo ameshakufa."

"Wewe umemwona."

Magdalene alitoa mikono yake taratibu. "Mimi ni dadake," alisema, na haikueleweka kama hilo lilikuwa jibu, au ndilo jambo lenyewe alilokuwa akiogopa. "Siendi, afande. Hata ukinifunga. Ukiulizwa ni nani alifunga hiyo tyubu, sema ni mimi, sema ilivunjika. Vioo huvunjika."

Angeweza kumshtaki kwa kuharibu ushahidi. Aliwaza jambo hilo kwa muda wa kutosha kuona mwisho wake: fomu yenye sahihi yake mwenyewe kama shahidi, mihuri minne, na wakili akimuuliza mjane yule kama afisa huyu hakuwepo akitazama. Na mjane akiwa ndani, nje angebaki nani? Wanyoike.

Gari lilisimama mlangoni. Wanyoike aliingia, akamwona Syombua, akavua kofia.

"Madam, bado uko na sisi." Kisha kwa dadake, kwa sauti ya chini: "Umekula?"

"Nimekula."

"Kuna tyubu ya Embu kwa gari. Ni ile ndefu, siwezi peke yangu."

Magdalene aliinuka. Walitoka pamoja, na Syombua, aliyesimama mlangoni, aliwaona wakiishusha katoni kutoka garini, kaka mbele na dada nyuma. "Polepole upande wako," Magdalene alisema. "Nimeshika," Wanyoike akajibu. Kwenye kizingiti walisimama, wakainua kwa pamoja, wakapita. Hawakuigonga popote. Waliilaza mezani, na Magdalene akatafuta pete zake za sponji, akapima robo ya urefu kwa shibiri, akaanza kufunga. Hakumtazama nduguye usoni hata mara moja, naye nduguye hakuonekana kulitambua hilo.

Syombua alivuka barabara, akasimama kando ya ukuta wa ghala, akampigia Nelima.

"Maabara wamesemaje?"

"Hakuna kitu, madam."

"Na kile kidole?"

"Hakipo."

Alimsikia Nelima akifungua droo, akichomoa kalamu.

"Pole, Syombua. Najua ulijaribu." Karatasi ikageuzwa. "Basi nifunge hii faili. Hapa kwa sababu ya kifo niandike nini?"

Ndani ya karakana selotepu ilivutwa kwa mlio mrefu, ikakatwa.

"Stima, madam," Syombua alisema. "Andika stima."